Hamira haina hatia: historia ya mashine zinazofungua DNA

Jamani, siku nyingi sijaandika hapa. Kazi ya gazeti imenibana, na ukweli ni kwamba kuna deni limekuwa likinisumbua. Leo nalilipa. Ni makala ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta kiti, tafuta chai, na kama kuna andazi karibu usilihofie. Utaelewa mbele ya safari kwa nini nasema hivyo.

Miezi michache iliyopita niliandika kihabari kifupi cha sayansi, maneno kama mia mbili hivi, cha kujazia nafasi ukurasa wa ndani. Nilikitoa kwenye taarifa ya shirika la habari la nje. Taarifa ilisema kuna jeni iliyogunduliwa kwanza kwenye hamira ya mikate, na kwamba jeni ya aina hiyo hiyo kwa binadamu hukutwa imeharibika katika saratani fulani ya watoto. Mimi nilikuwa na dakika ishirini tu kabla ya ukurasa kufungwa. Aya yangu ya kwanza ikatoka hivi: watafiti wamehusisha jeni ya hamira na saratani ya watoto. Mhariri akakaza zaidi kwenye kichwa cha habari, hamira ikawa mshitakiwa. Kichwa kilikuwa cha mhariri, sawa, lakini ile aya ilikuwa yangu. Nisijifiche nyuma ya mtu.

Wiki tatu baadaye ikapigwa simu chumba cha habari. Ni mama mmoja wa Mbagala, anauza maandazi na vitumbua. Gazeti letu alilipata kama mnavyojua magazeti yanavyowafikia watu wengi, yaani kama karatasi ya kufungia. Akasoma. Mtoto wake wa miaka minne anatibiwa uvimbe wa figo. Tangu siku aliposoma hajawasha jiko. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "mimi nimemlisha maandazi tangu alipoanza kula. Niambie tu ukweli, nimemletea mimi?"

Nilipata kigugumizi. Nilimwambia hapana, mama, sivyo. Akauliza, kama sivyo, ni vipi? Nikagundua siwezi kumjibu, kwa sababu nilichoandika sikukielewa. Nikamwomba anipe siku kadhaa. Nimezitumia siku hizo (na nyingine nyingi baada yake) kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata. Ni historia ya miaka mia moja na hamsini na ushee, na hamira ina sehemu kubwa ndani yake. Ila hamira imeingia humo kama mwalimu, sivyo kama nilivyoandika mimi.

Tuanzie kwenye usaha. Ndiyo, usaha. Mwaka 1869, katika mji wa Tübingen, Ujerumani, kijana wa Kiswisi wa miaka 24 aitwaye Friedrich Miescher alikuwa akifanya utafiti kwenye chumba kilichowahi kuwa jiko la ngome ya kale. Alitaka kujua seli zimeumbwa kwa kemikali gani. Akaenda kuchukua bandeji zilizotumika kwenye kliniki ya upasuaji ya jirani, akaziosha, akakusanya seli nyeupe za damu zilizomo kwenye usaha. Ndani ya viini vya seli hizo akakuta kitu ambacho hakikuwa protini wala mafuta, chenye fosforasi nyingi. Akakiita nukleini. Leo tunakiita DNA. Bosi wake, Felix Hoppe-Seyler, alikuwa pia mhariri wa jarida. Hakukubali kuchapisha mpaka alipoyarudia majaribio yale kwa mikono yake mwenyewe, na makala ikatoka mwaka 1871. Miaka miwili! Nilipofika hapo nilikumbuka dakika zangu ishirini, nikaona haya.

Miaka kumi hivi baadaye Mjerumani mwingine, Walther Flemming, alikuwa akizipaka seli rangi ili azione vizuri kwa hadubini. Akaona kwamba ndani ya kiini kuna vitu vinavyonyonya rangi ile kuliko sehemu nyingine. Akavipa jina kutoka neno la Kigiriki la rangi: kromatini. Mwaka 1884 Albrecht Kossel akachambua seli nyekundu za damu ya bata bukini na kupata protini ndogo zinazoandamana na ile nukleini, akaziita histoni. Kossel alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1910. Kwa hiyo kabla Wajerumani hao hao hawajatia nanga pwani yetu, kromatini ilikuwa tayari ina jina, na viungo vyake viwili vikuu vilikuwa vimeshatajwa: DNA na histoni.

Halafu? Halafu histoni zikasahauliwa. Mwaka 1953 umbo la DNA likajulikana, zile ngazi mbili zilizosokotana, na dunia yote ikaishangilia DNA. Histoni zikaonekana kama sanduku linaloletewa bidhaa. Nani anaangalia sanduku?

Lakini ebu fikiria tatizo lenyewe. DNA ya seli moja ya mwili wako ukiinyoosha inafika kama mita 2. Kiini inamokaa, kwa seli nyingi, hakifikii upana wa sehemu moja ya mia ya milimita. Mita 2 zimeingiaje humo bila kujifunga fundo? Jibu lilipatikana mwaka 1974. Ada na Donald Olins, mke na mume waliokuwa wakifanya kazi Tennessee, walichapisha picha za hadubini ya elektroni zikionyesha kromatini iliyonyooshwa. Haikuwa uzi mtupu. Ilikuwa shanga kwenye uzi, kama za kiunoni. Mwaka huo huo Roger Kornberg, akiwa Cambridge na umri wa miaka 27, akaeleza kila ushanga umeundwa na nini: histoni nane, yaani aina nne kila moja mara mbili, na DNA ya kama herufi 200 kwa kila ushanga pamoja na uzi unaouunganisha na wa jirani. Mwaka 1975 kundi la Pierre Chambon huko Strasbourg likaupa ushanga huo jina: nukleosomu.

Mwaka 1997 Karolin Luger, Timothy Richmond na wenzao wa Zürich walitoa picha ya nukleosomu kwa mionzi ya eksirei, picha kali kiasi cha kuonyesha karibu kila kipande kilipo. Ukiitazama unaelewa mara moja. Histoni nane zimeshikamana kama kidonge, na DNA ya herufi kama 147 imekizunguka mara moja na zaidi ya nusu. Mwili wa mtu una mamilioni ya vidonge hivyo katika kila seli.

Sasa ndipo swali gumu linapoanza. Jeni ni maandishi. Ili seli itengeneze protini, lazima kuwe na kitu kinachokuja kuyasoma. Na maandishi yamezungushwa kwenye kidonge, upande mmoja umelala juu ya histoni. Chukua gazeti letu lililofungia karanga. Habari zote zimo mle, hakuna herufi iliyopotea, lakini husomi kitu mpaka mtu afungue ile karatasi. Nani anafungua?

Mpaka miaka ya 1980 wengi hawakuliona hili kama swali. Walidhani kufunga ni kufunga tu, na wasomaji watajipenyeza wenyewe. Mwaka 1987 Kornberg, aliyekuwa amehamia Stanford, na Yahli Lorch walionyesha kwenye chupa ya maabara kwamba nukleosomu ikikaa pale usomaji wa jeni unapoanzia, usomaji hauanzi. Mwaka 1988 Michael Grunstein na Min Han, wa Los Angeles, wakafanya jambo lile lile ndani ya seli hai. Walipoipunguzia seli histoni, jeni zilizokuwa zimezimwa zikawaka zenyewe bila kungoja amri ya kawaida. Kumbe sanduku lilikuwa pia kufuli.

Na seli walizotumia ni zipi? Hamira! Ile ile ya paketi, inayoumua unga. Hamira ni kiumbe hai cha seli moja, lakini seli yake ina kiini, ina histoni, ina nukleosomu kama zetu. Inazaliana kila baada ya saa moja na nusu hivi, inakula sukari, haidai chochote. Ndiyo maana wanasayansi wanaipenda.

Na hapa ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1984 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalikuwa yakiisumbua hamira kwa sababu mbili zisizohusiana kabisa. San Francisco alikuwepo Ira Herskowitz. Yeye alishangazwa na tabia ya hamira kubadili jinsia. Hamira ina jinsia mbili, na hamira nyingi za mwituni zinaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine, kwa kutumia jeni moja iitwayo HO. Herskowitz na wenzake wakatafuta hamira zilizoshindwa kubadilika, wakapata jeni tano ambazo zikiharibika, HO haiwaki. Wakaziita SWI, kifupi cha neno la Kiingereza la kubadili.

New York, Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwepo Marian Carlson na mwanafunzi wake Lenore Neigeborn. Wao walikuwa kwenye sukari. Ili hamira ile sukari ya miwa, hii ya kwenye chai, lazima iwashe jeni ya kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo. Wakatafuta hamira zilizoshindwa kufanya hivyo. Jeni walizozipata wakaziita SNF, kifupi cha maneno yenye maana kwamba sukari haichachuki.

Mmoja anafuatilia jinsia, mwingine anafuatilia sukari. Hawaandikii jarida moja, hawakutani mara kwa mara. Miaka ikapita. Jeni zikasomwa herufi kwa herufi, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaonekana kitu cha ajabu: SWI2 ya San Francisco na SNF2 ya New York ni jeni moja! Walikuwa wakimwita mtu mmoja kwa majina mawili, kama vile mtaani anaitwa Chogo na kazini anaitwa Bwana Ramadhani. Mwaka 1992 Craig Peterson na Herskowitz wakaonyesha kwamba jeni hizi hazihusiki na jinsia peke yake, zinahitajika kuwasha jeni nyingi tofauti. Ndiyo maana hadi leo mashine hiyo ina jina lenye mkwaju katikati, SWI/SNF. Hakuna upande uliokubali jina lake lifutwe.

Lakini inafanya nini hasa? Fununu ilitoka kwa hamira zilizopona. Watafiti walichukua hamira iliyoharibika SWI au SNF, wakaangalia ni uharibifu gani wa pili unaoiponya. Fikiria gari lenye breki zilizokwama. Ukiongeza mafuta haliendi, lakini ukizing'oa breki linaondoka. Basi huko Harvard, mwaka 1992, Joel Hirschhorn, Fred Winston na wenzao wakaonyesha kwamba hamira isiyo na SNF ikipunguziwa histoni, inaanza tena kula sukari. Na mojawapo ya jeni alizokuwa amezipata Herskowitz, ambazo zikiharibika zinaiponya hamira isiyo na SWI, baadaye ikaonekana kuwa ni jeni ya histoni yenyewe. Hoja ikajipanga: histoni ndizo breki, na SWI/SNF ndiyo inayozilegeza.

Hoja nzuri, ila bado ilikuwa hoja. Mwaka 1994 ndipo mashine yenyewe ikakamatwa. Jacques Côté, Jerry Workman, Peterson na mwenzao waliichuja kutoka kwenye hamira. Kundi la Robert Kingston na Michael Green wakaichuja ya binadamu. Ni dubwana, si protini moja, ni zaidi ya kumi zilizoshikana. Wakaiweka pamoja na nukleosomu kwenye chupa, wakaongeza ATP, ambayo ndiyo mafuta ya seli, na DNA ikalegea juu ya histoni. Bila ATP, haikufanya kazi hiyo. Hapo ndipo kimeng'enya cha kupanga upya kromatini kilipopata uthibitisho wake.

Sijawasahau inzi. Mwaka 1992 huo huo John Tamkun na wenzake walikuwa wakichunguza jeni ya inzi wa matunda iitwayo brahma, inayosaidia mwili wa inzi kujua mguu uote wapi na bawa liote wapi. Walipoisoma wakakuta ni ndugu wa SWI2. Mwaka 1993 zikapatikana za binadamu. Hamira, inzi, mtu. Mashine moja, yenye ukoo mmoja, imehifadhiwa tangu babu wa wote watatu, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mkate haukutupatia. Tumeirithi wote.

Baada ya hapo wakaanza kugundulika ndugu wengine. Mwaka 1995 Toshio Tsukiyama na Carl Wu walitoa mashine nyingine kutoka kwenye viinitete vya inzi, yenye injini iitwayo ISWI. Mwaka 1996 Brad Cairns, Kornberg na wenzao wakapata RSC, ndugu wa karibu wa SWI/SNF. Hamira inaweza kuishi bila SWI/SNF, kwa taabu, lakini bila RSC inakufa. Mwaka 2000 ikaja INO80. Leo mashine hizi hugawanywa katika familia nne: SWI/SNF, ISWI, CHD na INO80.

Kazi zao hazifanani. Za ISWI na CHD nyingi ni kama mpanga viti ukumbini, zinasogeza nukleosomu mpaka nafasi baina yao iwe sawa, na mara nyingi matokeo yake ni kufunga. Za SWI/SNF ni mgambo: zinasukuma nukleosomu pembeni, au kuing'oa kabisa, ili sehemu ya kuanzia kusoma ibaki wazi. Na kwenye familia ya INO80 kuna fundi wa vipuri. Mwaka 2004 maabara ya Carl Wu ilionyesha kwamba SWR1 inafungua nukleosomu, inatoa histoni ya kawaida na kupachika ya aina nyingine iitwayo H2A.Z, bila kubomoa iliyobaki.

Pamoja na tofauti hizo, injini ni ya muundo mmoja. Ina vipande viwili vilivyotazamana, na kati yao kuna mfereji ambamo DNA inapita, na mahali ATP inapochomwa. Vipande hivyo hufunguka na kufumba. Kila ATP moja inapochomwa, injini hupiga hatua kama ya herufi moja juu ya DNA, sawa na mvuvi anayevuta kamba mkono baada ya mkono. Ujanja wake ni kwamba haisafiri. Imejishikiza kwenye nukleosomu yenyewe, mahali palipo umbali wa mizunguko miwili ya ngazi ya DNA kutoka katikati. Kwa kuwa yenyewe haiondoki, kinachosogea ni DNA. Inavutwa iingie upande mmoja na itokee upande wa pili, na kidonge cha histoni kinajikuta kimehama. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, wakiongozwa na Zhucheng Chen, walipiga picha ya injini ya Snf2 ikiwa imeishika nukleosomu mahali hapo hapo. Mwaka 2020 zikatoka picha za mashine nzima, ya hamira na ya binadamu, zikiwa zimeikumbatia nukleosomu kama kiganja kinavyoshika embe.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonipeleka huko.

Mwaka 1998 kundi la Olivier Delattre, Taasisi ya Curie jijini Paris, lilikuwa likichunguza saratani moja adimu na kali iitwayo rabdoidi. Inawapata hasa watoto wadogo sana, wengi chini ya miaka mitatu, kwenye figo, ubongo au nyama laini za mwili. Walijua kwamba kuna kipande cha kromosomu ya 22 kinachopotea katika uvimbe huo. Walipotafuta ni jeni gani imo kwenye kipande hicho, wakaikuta SNF5 ya binadamu. Moja ya zile herufi za Carlson, aliyekuwa akihangaika na sukari ya hamira! Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Kwenye uvimbe ule zote mbili zilikuwa zimeharibika. Mashine imekosa kiungo chake kimoja, maandishi yaliyopaswa kufunguliwa hayafunguliwi vizuri, na seli changa inashindwa kukomaa, inabaki kugawanyika tu.

Kilichowashangaza wengi kilikuja mwaka 2012. Saratani nyingi zina jeni nyingi zilizochubuka hapa na pale. Za rabdoidi, zilipopimwa DNA yote, zilikuwa karibu hazina uharibifu mwingine wa maana. Kiungo kimoja cha mashine ya kufungua DNA kinatosha. Na mwaka 2013 Cigall Kadoch, Gerald Crabtree na wenzao walipokusanya takwimu za saratani za aina mbalimbali walikuta kwamba karibu moja kati ya tano ina kasoro katika sehemu fulani ya SWI/SNF. Watu waliokuwa wakichungulia hamira kwa ajili ya jinsia na sukari mwaka 1984 hawakujua kwamba wanaangalia saratani. Herskowitz aliona mwanzo wa habari hiyo tu. Alifariki mwaka 2003, akiwa na miaka 56, kwa saratani ya kongosho.

Kwa hiyo taarifa niliyoinyofoa siku ile ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeipindua. Jeni iligunduliwa kwenye hamira. Haikutoka kwenye hamira. Na wala saratani haiji kwa kuwa na jeni hiyo, inakuja kwa kuipoteza. Nilikosea pande zote mbili ndani ya sentensi moja, jambo ambalo nadhani linahitaji kipaji.

Kuna kitu kingine nilikutana nacho njiani, na siwezi kukiacha kwa sababu kinatuhusu. Maabara za dunia hazitumii hamira ya mikate peke yake. Kuna ya pili, maarufu sana, na jina lake la kisayansi ni Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe! Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliitenga kutoka kwenye pombe ya mtama iliyotoka Afrika Mashariki, akaipa jina kwa neno letu. Paul Nurse aliitumia kueleza jinsi seli inavyojigawa, akashiriki tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Mwaka 2002 watafiti waliitumia kuonyesha jinsi seli inavyofunga sehemu za kromatini yake kabisa zisisomwe. Yaani Mjapani, Mmarekani na Mfaransa wanalitamka neno la Kiswahili kila asubuhi wakiingia kazini, na mimi mwandishi wa Kiswahili, mwenye digrii, nimeshindwa kuandika aya moja sahihi kuhusu hamira.

Tunapenda kusema wasomaji wetu hawapendi sayansi, hawataielewa, wape michezo na siasa. Yule mama wa Mbagala aliielewa vizuri sana. Alichukua nilichoandika, akakiamini, akakifanyia kazi, akazima jiko lake. Yeye alisoma sawasawa. Maandishi ndiyo yaliyokuwa mabovu.

Nilikwenda kumwona. Niliomba gazeti lichapishe masahihisho, nikaambiwa habari ile imeshapita, hakuna anayeikumbuka. Basi nikapanda daladala. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi lake la mbao, nikamweleza kwa kutumia karatasi ya kufungia maandazi: hii ni DNA, hivi ndivyo inavyokunjwa, huyu ndiye anayeikunjua, na huyu anaweza kuharibika ndani ya seli moja bila mama kukosea chochote. Akanionyesha karatasi za hospitali. Mwanawe ana uvimbe wa Wilms, ambao ndio wa kawaida zaidi kwenye figo za watoto, na ukiwahiwa hutibika kwa watoto wengi. Si rabdoidi. Yaani kihabari changu hakikumhusu hata kidogo tangu mwanzo!

Alinyamaza kitambo. Nilidhani atanifokea, na ningestahili. Akasema, "Wiki tatu, mwanangu. Unajua wiki tatu bila kuuza ni kiasi gani?" Sikujua. Akanitajia. Ni zaidi ya ninacholipwa kwa wiki tatu.

Kisha akaniuliza kama hamira inasikia maumivu ikitiwa kwenye mafuta ya moto, kwa sababu nimemwambia ni kiumbe hai. Nikamwambia haina mishipa ya fahamu, mama, haisikii. Akacheka kidogo. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, nywele hazijaota bado kwa sababu ya dawa.

Jiko linawaka tena. Nimelipa deni langu kwake kwa kadiri nilivyoweza, na hapa nalilipa kwa wengine ambao huenda nao walifungiwa karanga na habari ile na hawakuwa na namba ya kupiga. Kama wewe ni mtu wa baiolojia na umeona mahali nimeteleza, niambie nisahihishe. Safari hii sina haraka ya kufunga ukurasa.